Udongo wenye metali nzito: jua kwanza ni metali gani, ndipo uushike

Metali nzito hazinuki, hazibadilishi rangi ya udongo, na mara nyingi mmea ulioota juu yake unanawiri kama kawaida. Shaba na zinki zikizidi huunguza mmea wenyewe, kwa hiyo mkulima hushtuka mapema. Kadimi, metali yenye sumu, haina ustaarabu huo. Mchicha unaweza kubeba kadimi ya kumdhuru mlaji huku majani yake ni mapana na mabichi, ya kumpendeza kila apitaye. Kwa kazi hii macho hayana msaada.

Mwongozo huu ni wa mwenye bustani au shamba dogo anayeushuku udongo wake. Ushauri unaozunguka huwa ni mmoja kwa metali zote: mwaga chokaa, ongeza mbolea, panda alizeti. Chokaa ni dawa nzuri ya kadimi, lakini kwa arseniki inaweza kuzidisha tatizo. Mbolea ya fosfeti huifunga risasi, na fosfeti hiyohiyo huing'oa arseniki kwenye chembe za udongo iliposhikamana na kuiachia ndani ya maji yanayonyonywa na mizizi. Habari ya alizeti nitaifanyia hesabu huko mbele. Kwa hiyo kabla hujamwaga chochote, kazi ya kwanza ni kujua unashughulika na metali gani.

Hatua ya 1: Chimba historia kabla ya kuchimba udongo

Waulize waliokutangulia mahali hapo. Palikuwa na nini miaka hamsini iliyopita? Jibu litakuonyesha metali ya kuitafuta, na litakuokolea fedha za maabara, kwa sababu kila metali huongeza gharama ya kipimo.

Penye gereji, sehemu ya kuyeyushia betri za magari au nyumba kuukuu iliyopakwa rangi za zamani, tafuta risasi. Nyumba kama hiyo risasi yake hujazana chini ya ukuta, kwenye ule mkanda wa mita moja hivi ambako vipande vya rangi hudondoka na maji ya paa hutiririkia. Kando ya barabara kuu vilevile. Dunia iliacha petroli yenye risasi juzijuzi tu (nchi ya mwisho, Algeria, iliacha kuiuza mwaka 2021), na risasi iliyotua kwenye udongo haiozi wala haiendi mbali. Nyingi bado imelala kwenye sentimita 15 hadi 20 za juu, palepale jembe linapofika.

Mahali palipokuwa na bustani ya zamani ya matunda, hasa tufaha, tafuta risasi na arseniki pamoja, maana wadudu walikuwa wakipuliziwa dawa iliyotengenezwa kwa vyote viwili. Penye uzio au kingo za mbao zilizotiwa dawa ya kromi, shaba na arseniki, angalia udongo unaogusana na mbao hizo. Marekani iliziondoa kwenye matumizi ya nyumbani mwishoni mwa 2003, lakini zilizokwishafungwa bado zipo. Shamba lililolishwa tope la majitaka kwa miaka mingi hukusanya kadimi, zinki na shaba. Shamba lililotiwa mbolea ya fosfeti kila msimu nalo hukusanya kadimi polepole, kwa kuwa miamba inayosagwa kuwa mbolea huwa nayo. Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa miligramu 60 za kadimi kwa kila kilo ya fosfeti tangu Julai 2022.

Machimbo yanastahili neno la ziada, kwa sababu madhara yake husafiri. Kwenye bonde la mto Jinzu, Japani, maji kutoka mgodi wa zinki wa Kamioka yalimwagilia mpunga kwa miongo mingi. Waliokula mchele ule walilainika mifupa na kuharibika figo, na maumivu yao ndiyo yaliyoupa ugonjwa jina lake, itai-itai, yaani "inauma, inauma". Serikali iliutambua rasmi mwaka 1968 kuwa umetokana na kadimi. Huko Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, njia ilikuwa nyingine. Mawe ya dhahabu yenye risasi yalisagwa majumbani, vumbi likatanda uani, na watoto zaidi ya 400 walikufa. Mgodi wa Kabwe, Zambia, ulifungwa mwaka 1994, lakini udongo wa makazi yanayouzunguka una risasi hadi leo. Kama una mgodi au kinu cha kuchenjulia juu ya mto wako, au upande unakotoka upepo, usijiulize kama upo mbali kiasi gani. Pima.

Halafu kuna majivu. Watu huyapenda majivu bustanini, na ni haki yao, ila majivu ya mbao zilizopakwa rangi, matairi au takataka za mchanganyiko ni metali iliyokusanywa ikakosa pa kwenda. Panapochomwa taka kila wiki pana kisa chake, pasichanganywe na mahali pengine popote.

Hatua ya 2: Chukua sampuli kama mtu asiyetaka kujidanganya

Hapa ndipo majibu mengi huharibikia, na mashine ya maabara haina kosa. Inapima gramu moja au chini ya hapo. Gramu hiyo isipouwakilisha udongo wako, utalipia namba isiyo na maana.

Gawa eneo kwanza. Chini ya ukuta peke yake, kando ya barabara peke yake, palipokuwa na jalala peke yake, katikati ya shamba peke yake. Ukichanganya udongo wa chini ya ukuta wenye risasi nyingi na wa katikati ulio safi, utapata wastani unaosema "si mbaya sana", nao utakuwa uongo kwa sehemu zote mbili.

Ndani ya kila sehemu, tembea kwa kupindapinda ukichota mahali 15 hadi 20. Fagia majani juu, usikwangue udongo. Chimba hadi sentimita 20 palipo na mazao. Watoto wanapocheza, chukua sampuli nyingine ya sentimita 2 au 3 za juu tu, kwa kuwa hizo ndizo zinazoshika mikono na kupeperuka. Tumia koleo dogo la chuma kisichoshika kutu na ndoo ya plastiki.

Nasisitiza plastiki kwa sababu niliwahi kutumia ndoo ya bati. Majibu yalirudi yakionyesha zinki ya kutisha shamba zima, na nilihangaika wiki mbili nikitafuta ilikotoka, nikawashuku majirani, nikaishuku mbolea. Ilikuwa ndoo. Bati limepakwa zinki, na nilikuwa nimeukoroga udongo humo kwa kijiti cha chuma kwa bidii kubwa.

Udongo ukishakusanyika, vunja mabonge, toa mawe na mizizi, changanya sana. Umwage kwenye karatasi safi, ugawe mafungu manne kama unavyokata mkate wa mviringo, utupe mafungu mawili yanayotazamana, uchanganye yaliyobaki. Rudia hadi ubaki na nusu kilo hivi. Anika kivulini. Usiweke kwenye oveni wala juani kali ikiwa unatafuta zebaki, kwani hiyo hugeuka mvuke na kuondoka kabla ya kupimwa. Andika kwenye mfuko: mahali, kina, tarehe.

Na kama unamwagilia, chota pia maji. Kisima chenye arseniki hupanda arseniki shambani kila jioni, na udongo ukiusafisha leo utachafuka tena kesho.

Hatua ya 3: Iambie maabara unachotaka

Ukipeleka udongo na kusema tu "nipimieni", utapewa kipimo cha rutuba: naitrojeni, fosforasi, potasiamu. Sema wazi kwamba unataka jumla ya metali, ukizitaja kwa majina, na uombe matokeo kwa miligramu kwa kilo. Omba pia wapime pH (kipimo cha uchachu wa udongo) na kiasi cha mboji. Bila pH, namba ya kadimi ni nusu ya habari.

Kuna pia kipimo cha sehemu inayoyeyuka, yaani ile ambayo mzizi unaweza kuifikia. Ni kizuri kwa kuamua cha kupanda. Tatizo ni kwamba kila maabara hutumia kimiminika chake, na namba za aina hiyo haziwezi kulinganishwa na viwango vya jumla nitakavyovitaja hapa chini. Nimewaona watu wakishangilia namba ndogo kumbe walikuwa wakisoma safu isiyo yao.

Kifaa cha mkononi cha eksirei kinafaa kuzungukia eneo na kuona pabaya ni wapi, hasa kwa risasi. Kwa kadimi ya kiwango cha chini mara nyingi hakioni kitu, kwa hiyo kikikuambia "hakuna", usikubali upesi.

Hatua ya 4: Soma majibu

Udongo wowote una metali kidogo. Haujawahi kuwapo usio nazo. Udongo ambao haujachafuliwa kwa kawaida huwa na risasi kati ya miligramu 10 na 50 kwa kilo, na kadimi chini ya 0.5. Ukiona namba hizo, pumua, rudi kazini.

Juu ya hapo viwango hutofautiana kwa nchi na kwa matumizi. Kwa risasi kwenye udongo wa makazi, mamlaka ya mazingira ya Marekani ilishusha kiwango cha kuanza kuchunguza kutoka 400 hadi 200 mwezi Januari 2024. Jimbo la California hutumia 80. Umoja wa Ulaya, kwa mashamba yanayopokea tope la majitaka, ulipanga ukomo wa kadimi 1 hadi 3, risasi 50 hadi 300, na zebaki 1 hadi 1.5. Tofauti hizi zisikuchanganye. Kila anayeweka kiwango huwa amejiuliza swali lake: mtoto anayecheza, mfereji unaoingia kisimani, au mmea unaoliwa. Tafuta kiwango cha nchi yako, kisha uangalie kiliwekwa kujibu swali gani.

Mimi hufuata mpaka rahisi kwa risasi. Chini ya 100, nalima chochote kwa usafi wa kawaida. Kati ya 100 na 400, naacha mboga za mizizi na za majani na kufanya yote yaliyo hatua ya 5 na ya 7. Juu ya 400, silimi chakula kwenye udongo huo. Naweka udongo mwingine juu yake. Ni uamuzi wangu, wala si sheria ya mahali popote, na palipo na watoto wadogo naushusha zaidi.

Hatua ya 5: Ziba njia ya mdomo kabla ya kuhangaika na mizizi

Watu huuliza kwanza kama nyanya imenyonya risasi. Ni swali la haki, ila kwa risasi ni la pili. Risasi hushikwa kwa nguvu na udongo, mizizi huivuta kwa shida, na ikivutwa nyingi hubaki mizizini. Inayofika tumboni hufika zaidi kwa vumbi, kucha na udongo uliong'ang'ania kwenye mboga.

Tuangalie kwa namba. Mtoto mdogo anayecheza chini humeza takriban miligramu 100 za udongo na vumbi kwa siku. Ni kama chembe unayoweza kuibana kwa ncha za vidole viwili. Udongo ukiwa na risasi 400 kwa kilo, chembe hiyo ina mikrogramu 40. Sasa chukua gramu 100 za mboga ya majani iliyofika kabisa kwenye ukomo wa Codex Alimentarius (viwango vya kimataifa vya chakula), ambao ni miligramu 0.3 za risasi kwa kilo. Hiyo ina mikrogramu 30. Chembe ya udongo imeishinda sahani nzima ya mboga.

Kwa hiyo funika udongo. Weka matandazo mazito kati ya mistari, panda nyasi kwenye njia, usiache mahali peupe panapotimka vumbi. Lowesha kabla ya kulima kiangazi. Viatu vya shambani vibaki nje ya nyumba, nguo zifuliwe peke yake, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na kucha za watoto zikatwe fupi. Panda ua mnene upande wa barabara.

Kwenye kuosha mboga kuna ufundi wake. Shika karoti iliyotoka kung'olewa uitazame shingoni, pale majani yanapoanzia. Kuna kishimo, na ndani yake pete ya udongo ambayo maji yanayopita juu hayaigusi. Kata shingo hiyo yote, nusu kidole chini yake. Osha kwanza kisha umenye, usigeuze mpango, kwa sababu kisu kinachopita kwenye ganda chafu huingiza udongo kwenye nyama safi. Menya, suuza tena. Mboga za majani tupa majani ya nje na ya chini, yale yaliyorushiwa matope na mvua, kisha loweka yaliyobaki kwenye maji yenye siki kidogo (sehemu moja ya siki kwa mia ya maji) na uyasuuze mara mbili. Majani yenye mikunjo na vinyweleo huficha zaidi kuliko majani laini.

Haya yote huondoa kilicho juu ya mboga. Kadimi iliyokwisha kuingia ndani ya jani haiondoki kwa maji, siki wala maombi.

Hatua ya 6: Chagua mazao kwa kujua yanaweka wapi

Kumbuka safari ya metali: udongo, mzizi, shina, jani, na mwisho tunda na mbegu. Kila kituo hubakiza kitu. Ndiyo maana nyanya, bilinganya, pilipili, matango, maboga, maharage na mahindi huwa na metali kidogo kuliko sehemu nyingine za mmea huohuo. Miti ya matunda nayo ni salama kiasi.

Mboga za majani ndizo zinazojaza kadimi: spinachi, saladi, mchicha na jamaa zao. Codex imeziwekea ukomo wa kadimi wa miligramu 0.2 kwa kilo. Karoti, radishi, figili na viazi huleta udongo jikoni, na ukomo wao kwa kadimi na kwa risasi ni mdogo zaidi, 0.1. Karoti ina ubaya wa ziada kwamba huweza kubeba risasi ndani kwenye kiini, na humo kumenya hakufiki.

Kuna mimea inayovuka kanuni hii. Alizeti na kakao huweza kupeleka kadimi hadi kwenye mbegu. Tumbaku huijaza kwenye majani, na mvutaji huipokea mapafuni. Mpunga nao una mambo yake.

Mpunga uliofurika maji hukosa hewa kwenye mizizi. Katika hali hiyo kadimi hushikana na salfa na kutulia, lakini kutu ya chuma iliyokuwa imeishika arseniki huyeyuka na kuiachia. Ukikausha jaruba, mambo hugeuka: arseniki inashikwa tena, kadimi inafunguka. Mwenye arseniki peke yake atanufaika kwa kukausha na kufurisha kwa zamu. Mwenye kadimi peke yake aache maji yasimame, hasa mpunga unapotoa masuke. Mwenye zote mbili ana kazi ngumu, na ushauri wangu kwake ni kubadili zao. Jikoni, mchele uliopikwa kwa maji mengi yakamwagwa hupoteza sehemu ya arseniki, na baadhi ya virutubisho pia.

Hatua ya 7: Tibu udongo kulingana na jina la metali

*Kadimi.* Huyu anaogopa chokaa. Udongo wenye uchachu huiachia. Ukipandisha pH hadi 6.5 au 7 hushikwa na chembe za udongo. Kiasi cha chokaa kitatokana na kipimo, kwa kuwa udongo wa mfinyanzi huhitaji nyingi kuliko wa kichanga. Mwaga chokaa ya kilimo, changanya hadi kina cha jembe, ngoja miezi mitatu hadi sita, pima pH tena. Usizidishe, maana juu ya 7.5 utaona majani machanga yakigeuka manjano kwa kukosa chuma na zinki. Na upungufu wa zinki ni habari mbaya hapa: zinki na kadimi hupita mlango mmoja mzizini, na zinki ikipungua kadimi hujiingilia. Tazama pia chumvi. Maji yenye kloridi nyingi huichukua kadimi na kuiogesha moja kwa moja hadi mzizini, hata pH ikiwa nzuri. Kama kisima chako kina chumvi, hapo ndipo pa kuanzia.

*Risasi.* Chokaa husaidia, mboji husaidia zaidi, na fosfeti huibadili kuwa madini magumu yasiyoyeyuka kwa urahisi, hata tumboni. Ila rudi kwenye historia yako: kama palikuwa bustani ya tufaha iliyopuliziwa dawa, arseniki ipo pamoja nayo, na fosfeti utakayomwaga kuifunga risasi itaifungua arseniki. Hapo tumia mboji na kufunika, uachane na fosfeti.

*Arseniki.* Usipandishe pH ovyo, usimwage fosfeti kupita mahitaji ya zao, usiache maji yatuame. Inayoishika arseniki ni kutu ya chuma. Udongo mwekundu wenye chuma nyingi umekwisha kukusaidia. Kama chanzo ni kisima, hakuna tiba ya udongo itakayodumu kabla ya kubadili maji.

*Kromi na zebaki.* Kwa ufupi. Kromi ina sura mbili, na ile yenye sumu kali hugeuzwa kuwa ile tulivu na mboji. Kwa hiyo mboji, na uombe maabara itofautishe sura hizo mbili, kwani jumla peke yake haisemi kitu. Zebaki hung'ang'ania mizizini. Inayoonekana majanini mara nyingi imetoka hewani, kwa hiyo palipo na uchomaji wa dhahabu karibu kuutibu udongo hakutoshi. Usilime mpunga wa maji mahali penye zebaki. Matope yasiyo na hewa huigeuza kuwa aina yake mbaya kuliko zote.

Mboji nimeitaja kila mahali kwa sababu hushika, hupunguza makali na hupunguza vumbi. Lakini uliza imetengenezwa na nini. Mboji ya taka za mjini zisizochambuliwa inaweza kukuletea metali uliyokuwa unaikimbia.

Na sasa alizeti. Wazo la mmea unaokunywa sumu ukaiacha ardhi safi ni zuri mno, na mimea ya namna hiyo ipo kweli: kangaga aitwaye Pteris vittata hukusanya arseniki nyingi kuliko iliyomo kwenye udongo alioota. Lakini fanya hesabu. Hekta moja kwa kina cha sentimita 20 ni karibu tani 2,600 za udongo. Ikiwa na risasi 400 kwa kilo, kuna zaidi ya tani moja ya risasi humo. Tuseme unavuna tani 10 za mimea mikavu yenye risasi 10 kwa kilo: umetoa gramu 100. Kuishusha kutoka 400 hadi 200 unahitaji kutoa kilo 520, yaani mavuno 5,200. Kwa kadimi kidogo kuna matumaini, maana ni kilo chache tu zilizomo, ila bado ni suala la miongo. Na kila fungu unalovuna ni taka yenye sumu: hulishi mifugo, huchomi, hugeuzi mboji. Mbinu ya kumwaga kemikali ili mmea unyonye haraka naipinga waziwazi, kwa sababu metali iliyofunguliwa haisubiri mizizi. Ikinyesha inateremka kisimani.

Hatua ya 8: Inua tuta

Namba zikiwa mbaya, hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote. Tandika kitambaa kigumu kinachopitisha maji lakini kisichopitisha mizizi, kisha jaza udongo safi usiopungua sentimita 30. Kwa mazao ya mizizi ongeza hadi 40. Tuta la mita 4 kwa 1.2, kina sentimita 30, linameza karibu mita ya ujazo moja na nusu. Pima udongo huo kabla haujashushwa kwenye gari, maana neno "safi" kinywani mwa muuzaji lina maana nyingi. Kingo zisiwe za mbao zilizopakwa rangi ya zamani, matairi wala mataruma ya reli. Acha inchi mbili za matandazo kuzunguka tuta ili mvua isirushe matope ya chini juu yake, na kila mwaka pima sentimita chache za juu, kwa kuwa vumbi la jirani hurudi bila kubisha hodi.

Ukiamua badala yake kuuondoa udongo mbaya, jua kwamba lazima uende mahali. Kuurundika nyuma ya nyumba au kuumwaga kwenye bonde ni kuhamisha tatizo kwa wengine. Wasiliana na mamlaka ya mazingira kabla ya kukodi gari.

Hatua ya 9: Pima mavuno, si udongo tu

Baada ya msimu mmoja, peleka mboga yenyewe. Chuma unachochuma kwa kula, kioshe kama unavyokiosha jikoni, ukaushe maji ya juu, ukifunge kwenye plastiki. Ukipeleka majani yenye vumbi utapima vumbi.

Matokeo yakirudi, tazama kama ni ya uzito mkavu au mbichi. Maabara nyingi hukausha kwanza, ilhali viwango vya Codex vya mboga ni vya mboga mbichi. Spinachi ni maji kwa karibu asilimia 90, kwa hiyo miligramu 2 za kadimi kwa kilo kavu ni 0.2 mbichi, sawasawa na ukomo wa Codex. Anayesoma 2 akailinganisha na 0.2 atang'oa shamba lote kwa kiherehere. Anayepewa 0.2 mbichi akadhani ni kavu ataigawa kwa kumi, aone 0.02, na alale usingizi.

Kama risasi imeonekana na nyumbani kuna watoto wadogo au mjamzito, wapelekwe wapimwe damu bila kungoja msimu mwingine. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita ya damu chanzo kitafutwe na kiondolewe. Mwambie daktari ulichopima shambani, umwonyeshe karatasi ya maabara, na watoto wapewe vyakula vyenye chuma na kalisi, kwa sababu mwili wenye upungufu wa hivyo hunyonya risasi zaidi.